Somo: Kupima Rutuba ya Bwawa la Samaki kwa Mkono

Maji ya kijani katika bwawa la perege ni chakula, lakini ukijani ukizidi huua. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huitumia, na alfajiri samaki huja juu wakihema.

Zamisheni mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa, mpaka maji yafike kwenye kiwiko:

- Kiganja kikianza kupotea hapo, rutuba inatosha.
- Kikipotea mapema, acheni samadi, ongezeni maji safi.
- Kikionekana vizuri, ongezeni samadi kidogo.
- Maji yakiwa ya kahawia, hilo ni tope. Zuieni kwanza maji ya mvua yanayoingia.

Pimeni kila wiki kabla ya kutia samadi. Samaki wakihema alfajiri, msingoje kikao: fungulieni maji mapya papo hapo.