Walatino Katika Madaftari ya Sensa ya Marekani: Maswali na Majibu

Katika barua zilizonifikia, nimeziweka kando zile ziulizazo sensa ni nini na hufanywa kila baada ya miaka mingapi, kwani jibu lake limo katika kitabu chochote cha jiografia. Nimezitwaa zile zilizonitia wasiwasi, na zaidi zile zilizonikera.

SWALI: Mlatino ni mtu wa rangi gani?

JIBU: Yoyote. Ndivyo ilivyosema kanuni ya serikali kuu ya Marekani ya 1977.

SWALI: Ni kweli kwamba zamani Wameksiko walihesabiwa kuwa rangi mbali na weupe?

JIBU: Ni kweli kwa sensa moja tu, ya 1930. Kabla ya hapo aghalabu waliandikwa weupe, wala si kwa mapenzi bali kwa sheria: mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliwafungulia uraia Wameksiko waliobaki katika nchi iliyotwaliwa na Marekani, ilhali sheria ya 1790 ilikwisha kuufunga mlango wa uraia kwa mgeni yeyote asiyekuwa mtu huru mweupe, kwa hiyo ilibidi raia hao wapya wawe weupe, angalau karatasini. Mwaka 1930 makarani waliamriwa wamwandike Mmeksiko, katika safu ya rangi, kila aliyezaliwa Meksiko au aliyezaliwa na wazazi wa huko, maadamu hakuwa dhahiri mweupe, mweusi, Mhindi wa Amerika, Mchina au Mjapani. Waliopatikana walizidi 1,400,000. Utazame na wakati wenyewe: uchumi umeporomoka, na malaki ya watu wa asili ya Meksiko, wengi wao raia waliozaliwa papo hapo Marekani, wakifukuzwa au kushurutishwa kuvuka mpaka. Serikali ya Meksiko ililalamika, na LULAC, chama cha raia wenye asili ya Meksiko kilichoundwa Texas mwaka 1929, kikapinga, kwa kuwa kilifahamu vema kwamba anayefutwa katika weupe wa daftari hatakawia kuulizwa juu ya uraia wake na skuli ya mwanawe. Sensa ya 1940 ikawarudisha katika weupe, na hata hesabu yao ya 1930 ikarekebishwa katika majedwali yaliyochapishwa baadaye.

SWALI: Si wangehesabiwa kwa majina ya ukoo tu, mambo yakaisha?

JIBU: Hayo yalifanywa mwaka 1950 na 1960, katika majimbo matano ya kusini-magharibi, kwa orodha ya majina ya Kihispania. Binti wa García aliyeolewa na Smith alitoka hesabuni, na binti wa Smith aliyeolewa na García akaingia. Mweusi mwenye jina la Kihispania hakutiwa kabisa, kwani orodha ilikuwa ya weupe. Mwaka 1970 likajaribiwa swali la asili kwa sehemu ndogo ya nyumba, na miongoni mwa majibu yaliyotolewa palikuwa na “Amerika ya Kati au ya Kusini”, ambapo watu kadha wa kadha wa majimbo ya kati na ya kusini ya Marekani yenyewe walitia alama zao kwa moyo mkunjufu.

SWALI: Nasikia serikali iliwazua Walatino mwaka 1980 ili kuwapunguzia weusi nguvu.

JIBU: Uvumi mtupu. Sheria ya 1976 iliyolazimisha takwimu za Walatino ilipelekwa Bungeni na Edward Roybal, mbunge wa California mwenye asili ya Meksiko, kwa sababu pasipo hesabu hapakuwa na ithibati ya ukosefu wa kazi na umaskini wa watu wake. Swali la asili likaulizwa kila nyumba mwaka 1980, wakapatikana 14,600,000.

SWALI: (Barua nyingi zenye maana moja.) Imekuwaje zaidi ya nusu ya Walatino weupe watoweke kati ya 2010 na 2020? Wamehama? Wameoana na wengine?

JIBU: Hapa naomba subira ya msomaji, kwa kuwa hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, na wako waandishi waliojipatia umaarufu kwa kuipamba. Walatino waliohesabiwa weupe peke yake walishuka kutoka milioni 26.7 hadi milioni 12.6, na wale wa rangi mbili au zaidi wakapanda kutoka milioni 3 hadi milioni 20.3, ilhali Walatino wote walikuwa wakiongezeka, kutoka milioni 50.5 hadi milioni 62.1. Ndoa gani itazaa watu wazima milioni kadhaa kwa miaka kumi? Kilichobadilika zaidi ni karatasi na msomaji wake. Mwaka 2010 aliyetia alama ya mweupe hakuwekewa nafasi ya kuandika neno. Mwaka 2020 aliombwa aeleze asili yake, na Ofisi ya Sensa, iliyokuwa ikisoma herufi 30 za kila jibu la kuandikwa, ikasoma hadi 200. Basi mtu aliyetia alama ya mweupe, kisha akaandika chini yake kwamba asili yake ni Meksiko, alihesabiwa mweupe na papo hapo “rangi nyingine”, akawa chotara pasi na habari. Sikatai kwamba wapo waliojitazama upya na kubadili jibu kwa hiari yao; lakini tazama Puerto Rico, ambako weupe peke yake walikuwa asilimia 75.8 mwaka 2010 na asilimia 17.1 mwaka 2020, kisha uniambie ni gharika gani iliyobadili nasaba za kisiwa kizima.

SWALI: Mbrazili je?

JIBU: Kwa kanuni ya serikali hamo, kwa kuwa wakoloni wake walikuwa Wareno. Hata hivyo, katika uchunguzi wa jamii wa Ofisi ya Sensa wa 2020, ulio mbali na sensa yenyewe, kosa la kuchambua majibu liliwaingiza Wabrazili wapatao 416,000 waliojiita Walatino. Mwaka mmoja nyuma walikuwa kama 14,000.

SWALI: Nimepima mate, nikaambiwa nina damu ya Uhispania. Nitie alama wapi?

JIBU: Sensa haiulizi mate. Muulize aliyekuuzia kipimo.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa nikaaye Marekani, na mume wangu, mtu mweusi, ametoka Jamhuri ya Dominika. Watoto wetu tuwaandikeje?

JIBU: Mwanangu, katika sensa ya 2020 palikuwa na maswali mawili, la asili ya Kilatino na la rangi, na watoto wako walistahili jibu katika kila moja. Kanuni iliyotolewa Machi 2024, iliyokusudiwa kwa sensa ya 2030, imeyaunganisha yote katika swali moja linaloruhusu alama zaidi ya moja. Na wataalamu wengi wa Walatino weusi wamelipinga, kwa hofu kwamba mzazi mwenye haraka atatia alama ya Mlatino na kuondoka, na weusi wa mtoto upotee katika majedwali yanayotumika kupimia ubaguzi wa nyumba na kazi. Hofu hiyo naiona ya haki. Likija swali hilo, tia alama zote mbili, na katika nafasi ya kuandika taja Kenya na Jamhuri ya Dominika.