Dondoo muhimu: Kujenga jukwaa la video za wima ukiwa Rongo, Kenya

Anza na gharama ya data. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo akiona data imeisha kabla ya video ya tatu, hatarudi. Hifadhi kila video katika viwango kadhaa vya ubora, simu ichague kinacholingana na mtandao. Pikseli 1080 kwa 1920 ziwe kilele tu.

Walipe watayarishaji wa maudhui mapema, kwa M-Pesa, hata kama ni kidogo. Vine, jukwaa la video fupi, ilizinduliwa 2013 ikapendwa mno, lakini mastaa wake hawakupata kipato cha maana humo. Wakahamia kwingine, nayo ikafungwa Januari 2017.

Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla ya kukusanya namba za simu.

Na tafadhali, ajiri wakaguzi wa video wanaoelewa Dholuo na Ekegusii, lugha za eneo hilo.