Somo: Ushuru wa Forodha Unapobadilika, Nani Hulipa?

Kila tarehe 1 Julai Tanzania huanza mwaka mpya wa fedha, na mabadiliko mengi ya ushuru wa forodha huanza kutumika siku hiyo. Baada ya hapo mlaji husikia dukani: "Bei imepanda kwa sababu ya ushuru." Kauli hiyo yaweza kuwa kweli, yaweza pia kuwa kisingizio. Somo hili litakusaidia kupambanua.

Ushuru hupangwaje?

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Tangu mwaka 2005 viwango vikuu vilikuwa vitatu: asilimia 0 kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa kwa sehemu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tarehe 1 Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika, zikiwemo samani na mavazi, ili kuvilinda viwanda vya ndani. Aidha, nchi mwanachama yaweza kuomba kutumia kiwango tofauti kwa muda maalumu.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfanyabiashara aliyeagiza samani kwa meli kutoka China. Bei ya ununuzi, bima na nauli hadi bandarini ni shilingi 10,000,000.

Kwa ushuru wa asilimia 25, atalipa 2,500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya 12,500,000, nayo ni 2,250,000. Gharama yote ni 14,750,000.

Kwa ushuru wa asilimia 35, atalipa 3,500,000, na kodi hiyo itakuwa 2,430,000. Gharama yote ni 15,930,000.

Tofauti ni shilingi 1,180,000, yaani asilimia 8 ya gharama ya awali. (Tozo nyingine ndogo za bandarini hazikuhesabiwa.) Basi ushuru ukipanda kutoka 25 hadi 35, muuzaji aliyepandisha bei kwa asilimia 30 hawezi kuutaja ushuru peke yake kuwa sababu.

Mzigo wa mfanyabiashara

Haki hudai tuutazame upande wa muuzaji pia. Kiwango kinachotumika ni kile kilichopo wakati mzigo unapotolewa hati za forodha kwa matumizi ya nchini, si kile cha siku ulipoagizwa. Mzigo ulioagizwa mwezi Mei waweza kukuta kiwango kipya ungali baharini. Mwenye mtaji mdogo hulazimika kutafuta fedha za ziada kabla hajauza hata kiti kimoja. Mzigo ukikaa bandarini, gharama za kuhifadhi huongezeka.

Kwa fundi seremala wa mtaani, ushuru huohuo waweza kuwa nafuu, kwa kuwa samani zake hushindana vizuri zaidi na za nje. Lakini bawaba, vanishi au mbao zake zikitoka nje na ushuru wake ukipanda, nafuu hiyo hupungua.

Mlaji afanye nini?

1. Uliza kama bidhaa iliingia nchini kabla ya mabadiliko. Muuzaji ana uhuru wa kupanga bei, lakini mzigo wa zamani haukulipiwa ushuru mpya.
2. Linganisha bei katika maduka matatu au zaidi kabla ya kununua.
3. Ukitoa malipo ya awali kwa bidhaa inayoagizwa, andikianeni mkataba unaotaja ni nani atakayebeba ongezeko la ushuru.
4. Dai risiti halali na uitunze.
5. Ukinunua bidhaa iliyozalishwa katika nchi jirani ya Jumuiya, fahamu kuwa haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani waweza kupewa cheti rahisi mpakani, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Kodi nyingine hubaki palepale.

Zoezi

Mzigo wa shilingi 4,000,000 umepandishiwa ushuru kutoka asilimia 25 hadi 35. Gharama imeongezeka kwa kiasi gani?

Jibu: Kutoka 5,900,000 hadi 6,372,000, yaani shilingi 472,000.