Kumsitiri Mtu na Kuwatahadharisha Watu

Ndugu Waislamu, mtu akisengenya barazani hujitetea kwa kusema, "Si ni kweli?" Na akitakiwa aseme anayoyajua juu ya aliyekula amana za watu, hunena, "Tumsitiri ndugu yetu." Tumeyapindua.

Jua ya kwamba ukweli wa neno si hoja. Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa kumtaja mtu kwa aibu aliyo nayo hasa ndiyo ghiba yenyewe, na asipokuwa nayo, huo ni uzushi. Basi mwenye kusimulia kuwa fulani alionekana usiku akitoka ulevini, naye alijificha na hakumdhuru mtu, hana udhuru kwa kuwa msema kweli.

Lakini sitara haikuwekwa iwe ngao ya mdhalimu. Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kutaka shauri kwa Mtume. Hakumficha: alimwarifu kuwa Muawiya ni fukara na Abu Jahm ni mpigaji wa wanawake, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Majina yalitajwa, na aibu ilitajwa, lakini kwa mwenye haja ya kujua, na kwa kadiri ya haja yake. Ama yule mtoza zaka aliyejitengea fungu akidai kuwa amezawadiwa, Mtume alilikemea tendo lake juu ya mimbari bila ya kumtaja jina. Nionavyo, mali ilikuwa imekwisha kudhihirika, na lililobaki ni kuwafunza wengine.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amehesabu sababu sita zenye kuhalalisha kumtaja mtu, na miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kushitaki, na kuwaonya Waislamu na shari. Nao wanavyuoni wa Hadithi waliandika vitabu vizima vya majina: huyu mwongo, huyu hifadhi yake dhaifu. Wangaliona haya, tungalipokea kila uzushi.

Tuchukue mtu anayekusanya fedha za Hija, kisha mahujaji wakabaki nyumbani, naye akahamia mji mwingine kuanza upya. Kumnyamazia huyu ni kumsaidia. Aulizwe kwanza, huenda ana udhuru. Akikosa, waambiwe wale wanaokaribia kumlipa, na ashitakiwe polisi. Kadhi hana uwezo hapa, kwani Katiba ya Kenya ya 2010 imemwekea mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Akishikilia mwendo wake, wala haijulikani nani atanaswa kesho, ndipo litangazwe jina lake msikitini baada ya sala. Picha yake isirushwe kwa simu kwa uvumi wa mtu mmoja; ikifika Maskati haikusanyiki tena.

Na linalotangazwa ni fedha alizochukua. Talaka zake, ukoo wake na deni la marehemu babake havimo, wala wanawe hawahusiki.