Mwombe Namba Kabla Hajafungua Kiyoyozi

Juni ikiingia, joto la Texas hukaribia nyuzi 38 na viyoyozi huanza kufa kimoja baada ya kingine. Ndipo namba za simu za mafundi zinapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Wakongo wa Dallas, Fort Worth na Houston. Tunaulizana kama fundi ni mwaminifu na bei yake ikoje. Leseni tunaikumbuka mambo yakishaharibika. Haya ni maswali ambayo wasomaji huniuliza kila msimu.

Fundi, kiyoyozi chetu kimezimika na watoto hawalali. Nitamjuaje mtu mwenye leseni ya kweli?

Pole sana, mama. Kabla hajashusha vifaa, mwombe namba ya leseni. Texas leseni hizi hutolewa na Idara ya Leseni na Udhibiti, maarufu kwa jina la TDLR, na namba huanza na TACLA au TACLB. Mwenye A anaruhusiwa kushika mtambo wa ukubwa wowote. Mwenye B anaishia tani 25 za kupoza na BTU (kipimo cha joto) milioni 1.5 kwa saa kwa upande wa kupasha joto. Usimkatae kwa sababu ya B: tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, na nyumba nyingi za familia hazivuki tani 5.

Tazama pia herufi inayofunga namba. E ni ya viyoyozi vya majengo, R ni ya majokofu ya biashara, kama yale ya buchani na ya supamaketi. Mwenye R peke yake hana ruhusa ya kugusa kiyoyozi cha nyumba yako.

Sheria inataka namba hiyo iandikwe pande zote mbili za gari la kazi, kwa herufi zisizopungua inchi 2, na ionekane kwenye mkataba na ankara. Lakini rangi kwenye gari mtu yeyote anaweza kupaka. Ingia kwenye tovuti ya TDLR, andika namba, uone jina la mwenyewe, kampuni yake na tarehe ya leseni kuisha. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka juzi haikusaidii leo. Ni bure, na unaweza kuifanya kwa simu fundi akiwa bado anaegesha gari.

Nimeitafuta namba, ipo, lakini imetoka kampuni nisiyoijua kabisa. Fundi anasema ni ya rafiki yake.

Mwambie asante, umlipe nauli ukitaka, aende. Hapa sina huruma, kwa sababu ndiyo njia inayowaumiza watu wetu kuliko nyingine. Leseni ni ya mtu, na mtu huyo huiambatanisha na kampuni anayoisimamia. Fundi aliyeajiriwa halazimiki kuwa na leseni yake ya ukandarasi. Anaweza kuwa ameandikishwa TDLR kama fundi wa kawaida na kufanya kazi chini ya mwenye leseni. Hilo ni halali kabisa. Anayeazima namba ya rafiki hana msimamizi. Nyumba ikiungua, yule rafiki atasema hajui habari zako, na bima yake haitakulipa.

Bima yenyewe ni sharti la leseni. Mwenye A hutakiwa kuwa na ya dola 300,000 kwa kila tukio, mwenye B dola 100,000. Omba cheti cha bima kitumwe na wakala wa bima moja kwa moja. Karatasi iliyopigwa picha miaka miwili iliyopita si cheti.

Ana kadi ya EPA. Si inatosha?

Haitoshi. Kadi hiyo ni ya mamlaka ya mazingira ya serikali kuu (EPA), chini ya kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi, na humruhusu mtu kushika gesi ya kupozea bila kuiachia angani. Fundi anayefungua mfumo wa gesi lazima awe nayo. Haimpi mtu haki ya kuchukua kazi ya ukandarasi nyumbani kwako, na wala haina tarehe ya kuisha.

Anasema kibali cha jiji ni kupoteza hela. Akiruka kibali atanipunguzia bei.

Swali hili hunitia hofu, kwa sababu watu hufikiria kiyoyozi wakasahau tanuru. Nyumba nyingi za Texas hutumia mtambo mmoja kwa misimu yote miwili: kiangazi unapoza, na baridi inapokuja tanuru la gesi hupuliza joto kupitia mabomba yaleyale. Ndani ya tanuru kuna chemba ya chuma inayotenganisha moshi wa gesi na hewa mnayovuta. Chemba ikipasuka, au bomba la moshi likifungwa vibaya, kaboni monoksaidi huweza kuingia vyumbani. Haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala anaweza asiamke.

Mji ukidai kibali cha kubadilisha mtambo, na mingi hudai, unamtuma mkaguzi ambaye halipwi na fundi wako. Anatazama bomba la moshi, bomba la gesi na nyaya. Anayekushawishi uruke hatua hiyo anakuondolea jicho la pili. Kibali akichukue yeye kwa jina lake. Akikutaka wewe uombe kibali kwa kazi yake, jiulize kwa nini. Na hata ukaguzi ukipita, weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala.

Sisi tumepanga. Mwenye nyumba hapokei simu.

Usiajiri fundi kwa fedha zako kabla hujajua haki zako. Mwandikie barua yenye tarehe, ubaki na nakala, kisha piga simu ofisi ya kanuni za majengo ya jiji lenu.

Dada yangu yuko Columbus, Ohio, na shemeji yuko California. Sheria ni hizihizi?

Hapana, na ndipo wengi wanapopotea wakihama. Ohio, leseni ya jimbo ni ya kazi za majengo ya biashara. Za nyumba za watu husimamiwa na miji. California, bodi ya leseni za wakandarasi hutoa leseni ya daraja C-20, na sheria hairuhusu malipo ya awali kuzidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, lolote lililo dogo. New York hakuna leseni ya jimbo zima kwa kazi hii, hivyo uliza mjini kwako. Swali la kwanza ukihamia popote: leseni ya kazi za nyumbani hutolewa na jimbo au na jiji?

Nimeshaliwa, Fundi. Nilimlipa yote, kiyoyozi hakijafanya kazi wiki mbili.

Kusanya risiti, ujumbe wa simu na picha, ukamshtaki fundi huyo kwa TDLR. Wanaweza kumtoza faini hadi dola 5,000 kwa kila kosa kwa siku na kumnyang'anya leseni. Hata asiye na leseni hushtakiwa huko. Ila kurudishiwa fedha yako ni kesi ya mahakama ya Justice ya eneo lako, inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, na si lazima uwe na wakili.

Mimi nilikuwa fundi wa majokofu Mombasa. Naweza kufanya kazi hii kwa halali?

Unaweza, ndugu, na tunakuhitaji. Jiandikishe TDLR kama fundi, fanya mtihani wa EPA, kisha utafute mkandarasi mwenye leseni akuajiri. Ukitimiza miezi 48 ya kazi chini ya usimamizi huo ndani ya miezi 72, unaweza kuomba mtihani wa leseni yako mwenyewe. Tunza barua za mwajiri na hati za mishahara tangu siku ya kwanza, kwa sababu miezi hiyo utatakiwa kuithibitisha. Kazi za pembeni za wikiendi bila leseni usizichukue hata ukibembelezwa na jamaa; faini moja inaweza kukukwamisha siku ya kuomba leseni.