Kichwa Kwanza, Kopo Baadaye: Mafunzo Niliyopata Saluni

Nimefanya kazi ya saluni kwa miaka 17, mingi kati ya hiyo hapa Temeke, Dar es Salaam, katika chumba chenye viti vitatu, draya mbili na pipa la maji nyuma ya mlango. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikienda Kariakoo na kubeba kile ambacho mwenye duka la jumla aliniambia kinatoka sana. Rafu ilijaa na wateja walifurahi kuiona, lakini nywele za baadhi yao zilizidi kukatika mikononi mwangu. Haya ninayoandika nimeyajua polepole, mengine kwa gharama ya nywele za watu, na ningependa msusi anayeanza leo ayapate bila kumuumiza mtu.

1. Uliza nywele zimepitia nini

Mama mmoja alikuja siku nne kabla ya harusi ya binti yake. Nywele zake zilikuwa na mawimbi mazuri, akataka zilainike zilale. Nikachukua dawa, nikapaka kama nilivyozoea. Wakati wa kusuuza nikahisi vidole vinajaa. Nywele zilikuwa zinatoka kama uzi uliooza, zikaziba tundu la sinki.

Mawimbi yale hayakuwa ya kuzaliwa nayo. Miezi mitatu nyuma alikuwa ametia kalikiti kwingine. Dawa ya kalikiti hufanya kazi kwa thayoglaikoleti, na dawa ya kulainisha hufanya kazi kwa haidroksaidi. Kila moja huvunja viungo vya ndani ya unywele kwa njia yake, na zikikutana kwenye unywele mmoja, unywele hukatika. Mama yule hakupiga kelele. Aliomba kioo, akajitazama, akaniuliza, "Mwanangu, kwani hukuona?" Kwenye harusi alivaa kilemba.

Tangu siku hiyo nina daftari. Mteja mpya haguswi kabla hajaniambia alitia nini mara ya mwisho, lini, na kama kuna rangi au hina. Hina nyingine za madukani huchanganywa na chumvi za metali, na hizo hazipatani kabisa na dawa ya kupausha nywele.

2. Kipilipili hazifanani

Siku hizi wasichana wanakuja na namba zao. "Anti, mimi ni 4C, nipe krimu ya 4C." Mpangilio huo wa namba ulianza kwa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey kule Marekani: 1 ni nywele za singa, 2 za mawimbi, 3 za kujiviringa, 4 kipilipili. Unasaidia watu kuelewana, nami nautumia. Lakini namba inaeleza umbo tu. Haikuambii kama unywele ni mnene au mwembamba, wala kama unapokea maji au unayakataa.

Nimewahi kuhudumia ndugu wawili, mtu na mdogo wake, ambao ukiwatazama kwa nyuma huwezi kuwatofautisha. Nikampulizia mkubwa maji kwa chupa. Matone yakakaa juu ya nywele kama umande kwenye jani la mgomba, yakachukua muda kabla ya kuzama. Nywele za mdogo wake, aliyekuwa ametia rangi, ziliyanywa papo hapo, na nusu saa baadaye zilikuwa kavu tena. Wote wawili walikuwa wakitumia kopo moja nyumbani, krimu nzito ya siagi. Mkubwa alilalamika kuwa nywele zinanata na kushika vumbi. Mdogo alisema afadhali kidogo, ila ncha zinakatika.

Mkubwa nilimpa kondishena nyepesi, nikamvika kofia ya plastiki na kumkalisha chini ya draya ya moto wa wastani, kwa sababu joto husaidia nywele za namna ile kupokea. Mdogo nilimwachia krimu yake nzito, ila nikamwelekeza aipake juu ya nywele mbichi, mara tu baada ya maji. Kuna kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi na kuangalia kama utazama. Nilikiacha. Mafuta kidogo tu juu ya unywele yanabadilisha jibu. Chupa ya kupulizia na vidole vyako vinatosha.

3. Geuza kopo usome nyuma

Mbele ya kopo kuna picha na ahadi. Nyuma kuna ukweli, tena umepangwa: viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na vile vidogo kabisa, vya chini ya asilimia 1, hukaa mwishoni kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo ukinunua kopo lililoandikwa "parachichi" kwa herufi kubwa mbele, huku parachichi likiwa la pili kutoka mwisho nyuma, umenunua harufu yake tu.

Nilipoanza kusoma hivi, nusu nzima ya rafu yangu ilibadilika. Niligundua makopo matano niliyoyauza kama ya kulainisha nywele kavu yalikuwa na kiambato cha kwanza kilekile: mafuta mgando. Mafuta mgando si mabaya. Ila hayana maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoke. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, umeufungia ukavu ndani. Cha kulainisha kinaanza na maji, aghalabu yameandikwa "Aqua". Kwanza maji, halafu krimu, mwisho mafuta ya kufunga.

Mafuta ya nazi yana nafasi yake ya pekee, kwa kuwa yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Nimekulia Tanga nikimwona bibi akikamua tui, akilichemsha mpaka mafuta yaelee, akayachuja kwa kitambaa na kutupaka kichwani jioni ya kuamkia siku ya kuoshwa. Alitupaka kabla ya kuosha, si baada. Nilikuja kuelewa sababu nikiwa mtu mzima.

4. Maji nayo ni bidhaa

Mitaa mingi ya Dar es Salaam inategemea visima, na maji ya visima vingi ni ya chumvi. Shampuu haitoi povu, unaongeza, bado haitoi, na nywele zikikauka zinakuwa kama majani makavu. Nilibadilisha shampuu tatu kabla sijalishtukia pipa. Madini ya maji magumu hukaa juu ya unywele, na kwa waliotia dawa zile za kuchanganya krimu na maji yake, ambazo huwa na kalsiamu, tatizo linakuwa maradufu.

Sasa nina shampuu moja yenye EDTA ambayo hushika madini na kuyaondoa. Naitumia mara moja kwa mwezi kwa wanaooshea maji ya kisima. Kusuuza kwa mara ya mwisho natumia maji ya mvua nikiwa nayo.

5. Protini ina kipimo

Vuta unywele mmoja uliolowa. Ukivutika kidogo na kurudi, uko sawa. Ukivutika kama ubani wa kutafuna bila kurudi, unahitaji protini. Ukikatika hapohapo, unataka unyevu, na stimingi ya protini itauongezea ugumu.

6. Nywele za singa haziombi mafuta

Wateja wangu wenye asili ya Kihindi na Kiarabu walinifundisha hili. Mafuta ya ngozi ya kichwa yanateremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka, wakati kwenye kipilipili yanakwama kwenye kila kona. Singa nazipa shampuu ya kawaida, na kondishena kuanzia usawa wa sikio kushuka chini.

7. Dawa ikichoma, inachoma

Nilifundishwa kwamba mteja akianza kulalamika moto, ndipo dawa inashika. Nilimwambia hivyo binti mmoja, akavumilia dakika sita zaidi. Alirudi baada ya siku mbili, ngozi ya utosini imetoa majimaji na kugandana na nywele. Sikumlipisha matibabu wala sikulala.

Kwenye kipimo cha pH ngozi ya kichwa iko karibu na 5, dawa ya kulainisha inapita 12, na kila namba moja ni mara kumi. Kwa hiyo kichwa kilichokunwa, kilichofumuliwa rasta jana, au chenye kidonda hakitiwi dawa kwangu hata mteja akinilipa mara mbili. Ngozi yote napaka mafuta mgando kwanza. Naosha kwa shampuu ya kuzimua ambayo povu lake huwa la waridi mpaka dawa iishe kabisa. Watoto siwatii dawa.

Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497. Kati ya wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, walikadiria asilimia 1.64 kupata saratani ya mji wa mimba kufikia miaka 70. Kwa waliotumia mara kwa mara ilikuwa 4.05. Utafiti huo haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini nawaeleza wateja wangu, kisha wanaamua wenyewe. Zile za kunyoosha kwa keratini zinazotoa machozi zikipigwa pasi nimeziondoa: nyingi hutoa fomaldehaidi, nami ndiye ninayeivuta kutwa. Vipodozi nchini viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na kopo lisilo na tarehe wala jina la mtengenezaji silinunui.

Nawe unayekaa kwenye kiti, hapa kwangu au kwa mwingine: ukihisi moto kichwani, sema hapohapo. Usimwonee msusi haya, usisubiri dakika zake ziishe. Inuka uende kwenye maji.