"Eau" kwenye boksi la pafyumu maana yake nini? Mjibu mteja bila kubabaika

Wauza pafyumu wenzangu, hili swali mnalijua: "Dada, mbona hapa wameandika toilette, kwani hii ni ya chooni?" Ukibabaika tu, mteja anaona unauza usichokijua, anahamia kwa mwingine. Tulimalize leo.

Eau ni Kifaransa, inasomwa "o" basi. Maana yake ni maji. Kwenye manukato ni maji ya kunukia: mafuta ya manukato yaliyochanganywa na spiriti na maji. Neno linalofuata ndo linakwambia ukali wake:

1. Eau de parfum (EDP): kwa kawaida mafuta ni asilimia 15 hadi 20. Inakaa muda mrefu, na bei iko juu.

2. Eau de toilette (EDT): asilimia 5 hadi 15. Hapa toilette sio choo. Zamani ilikuwa kitambaa kidogo cha kutandika mezani pa kujirembea, baadae ikawa kujiremba kwenyewe.

3. Eau de Cologne (EDC): asilimia 2 hadi 4 tu. Cologne ni mji wa Ujerumani, Wajerumani wenyewe wanauita Köln. Ilianzia huko miaka ya 1700 mwanzoni.

Sasa hela yako iko hapa. Pafyumu yenye jina moja inaweza kutoka EDP na EDT, chupa zinafanana, harufu zinapishana kidogo. Ukiposti picha bila kutaja aina, mteja analipia akijua ni EDP, anapokea EDT. Harufu ikikata mchana, anakuita tapeli hata kama mzigo ni orijino.

Kwahiyo kila posti iwe na vitu vitatu: jina, aina, na mililita. Hata ukienda kununua jumla, linganisha bei za aina moja. EDT ya bei rahisi sio ofa kama ulikuwa unatafuta EDP.

Nyongeza kwa wenye wateja wa Kongo na Burundi: akiulizia eau de Javel, anataka jiki, sio pafyumu! Na eau micellaire ni maji ya kutolea mekapu.

Haya, kageuze maboksi yako sasa hivi, urekebishe na posti za zamani. Mtumie na mwenzako anayeuza pafyumu.